Namna ya Kumweleza Mpiga Kura Athari za Kisheria za Pendekezo la Wananchi: Mwongozo Kamili

Katika majimbo 24 ya Marekani, wananchi wana haki ya kuandika sheria wao wenyewe, kukusanya saini, na kuifikisha sheria hiyo kwenye karatasi ya kura ili kila mpiga kura aijibu kwa Ndiyo au Hapana. South Dakota ilitangulia kuuingiza utaratibu huu katika katiba yake mwaka 1898, Oregon ikauingiza mwaka 1902 na California mwaka 1911. Swali analolikuta mpiga kura kwenye karatasi huwa na sentensi chache, ilhali sheria iliyo nyuma ya swali hilo inaweza kuwa na kurasa kadhaa za vifungu, tarehe, adhabu na tafsiri za maneno. Anayejibu swali anaipitisha au kuikataa sheria nzima, pamoja na vifungu ambavyo hakuviona.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayewaeleza wapiga kura wanaozungumza Kiswahili mambo hayo, awe kiongozi wa jumuiya, mtangazaji, mfasiri, au jirani ambaye kila msimu wa uchaguzi hupigiwa simu kuulizwa, "Hili la tatu lina maana gani?" Kazi yake ina uzito wa pekee. Kifungu cha 203 cha Sheria ya Haki za Kupiga Kura, kilichoongezwa mwaka 1975, kinazilazimisha baadhi ya serikali za mitaa kutoa karatasi na maelezo kwa lugha nyingine, lakini kinawahusu watu wenye asili ya Kihispania, Waasia, Wahindi Wekundu na wenyeji wa Alaska tu. Kiswahili hakimo. Baadhi ya majimbo na miji hutafsiri kwa hiari yake. Penginepo maelezo ya Kiswahili ni yale tu yatakayoandaliwa na watu wa jumuiya.

Kabla ya hatua yenyewe ya kwanza, lishike jambo moja ambalo hatua zote zitalirudia. Athari ya kisheria ni tofauti kati ya sheria ilivyo leo na sheria itakavyokuwa baada ya kura. Nia ya walioliandika pendekezo, sifa za wanaoliunga mkono na hofu za wanaolipinga ni habari za kampeni. Zinaweza kuwa za kweli kabisa, lakini si athari ya kisheria, na mpiga kura ana haki ya kuzipokea mahali pengine zikiwa zimetajwa kwa jina lake.

Hatua ya kwanza: tambua ni swali la aina gani

Maswali ya Ndiyo na Hapana hufanana kwa sura, ila kisheria yako ya aina kadhaa, na kosa la hapa huharibu kila kitakachofuata.

Aina ya kwanza ni pendekezo la wananchi la kutunga sheria ya kawaida. Aina ya pili ni pendekezo la wananchi la kurekebisha katiba ya jimbo. Tofauti yake si ya heshima tu: katiba ya jimbo hulifunga Bunge la jimbo, na kwa hiyo kilichoandikwa humo hakiondolewi kwa kura ya wabunge peke yao. Ndiyo sababu ukusanyaji wa saini nao hutofautiana. California hudai saini sawa na asilimia 5 ya kura zote zilizopigwa kumchagua gavana katika uchaguzi uliopita kwa sheria ya kawaida, na asilimia 8 kwa marekebisho ya katiba. Colorado imewarahisishia watu kazi kwa kutenganisha hata majina, kwani pendekezo la sheria huitwa Proposition na la katiba huitwa Amendment. Majimbo mengine hayafanyi hivyo, na usikisie aina kwa kuangalia jina. (Majina haya ninayaacha yalivyo, maana ndivyo mpiga kura atakavyoyakuta kwenye karatasi.)

Aina ya tatu ni swali lililoletwa na Bunge la jimbo lenyewe, kwa kawaida likihusu katiba. Aina ya nne ndiyo inayowachanganya wengi. Hii ni kura ya pingamizi, ambapo Bunge limekwisha kupitisha sheria, wapinzani wa sheria hiyo wakakusanya saini, na sasa wananchi wanaulizwa kama sheria ibaki au iondoke. Huko California, hadi mwaka 2023, aliyejibu Ndiyo aliikubali sheria iliyopitishwa na Bunge, na aliyejibu Hapana aliifuta. Waliokusanya saini, basi, ndio walioomba Hapana. Mwaka 2020, Proposition 25 iliwauliza wapiga kura kuhusu sheria ya kuondoa dhamana ya fedha mahakamani. Aliyefikiri kwamba swali lilikuwa "dhamana ya fedha ibaki?" na akajibu Ndiyo, alipiga kura kinyume cha nia yake. Hapana ndiyo iliyoshinda, na dhamana ya fedha ikabaki.

Pamoja na aina, andika mwaka na jimbo kila unapotaja namba ya swali. Namba hutumika tena na tena. Ohio ilikuwa na Issue 1 mwezi Agosti 2023, iliyotaka kupandisha hadi asilimia 60 kiwango cha kura za kurekebisha katiba, kisha ikawa na Issue 1 nyingine mwezi Novemba mwaka huo huo, iliyohusu uavyaji mimba. Wapo waliopinga ya kwanza na kuunga mkono ya pili kwa sababu ile ile, na karatasi ya zamani ya maelezo yenye maneno "Hapana kwa Issue 1" ingeweza kumpotosha mtu mwezi Novemba bila hata neno moja la uongo.

Hatua ya pili: soma maandishi yenyewe, si muhtasari wake

Muhtasari ulio kwenye karatasi ya kura umebanwa na sheria. Huko Florida kichwa kisizidi maneno 15 na muhtasari usizidi maneno 75. California humpa Mwanasheria Mkuu wa jimbo maneno 100 ya kueleza kiini cha pendekezo. Hakuna sheria ya kurasa kumi inayoenea humo, na mwandishi aliye mwaminifu kuliko wote atalazimika kuacha kitu.

Tafuta maandishi kamili katika ofisi au tovuti ya Katibu wa Jimbo, ambaye kwa kawaida ndiye msimamizi wa uchaguzi wa jimbo, au katika kitabu rasmi cha wapiga kura pale kinapotolewa. Kwa kawaida maneno yanayoongezwa kwenye sheria hupigiwa mstari au huandikwa kwa mlalo, na yanayoondolewa hukatwa kwa mstari juu yake. Yasome yaliyokatwa kwa makini ile ile unayoyapa yaliyoongezwa, kwa kuwa mara nyingi haki au wajibu hupotea kimyakimya kwa neno lililofutwa.

Usomapo, anza na vifungu ambavyo wengi huviruka: tafsiri ya maneno mwanzoni, na vifungu vya mwisho vinavyotaja tarehe ya kuanza, namna ya kurekebisha sheria, na hatima ya sehemu zilizobaki iwapo mahakama itabatilisha sehemu moja. Nembo ya pendekezo huwa katikati. Meno yake huwa kwenye ncha hizo mbili.

Nyaraka rasmi zitakusaidia, kila moja kwa kazi yake. California huwa na ofisi ya uchambuzi isiyofungamana na chama, chini ya Bunge la jimbo, inayoandika kwa kila swali hali ya sasa, mabadiliko, na makadirio ya fedha. Colorado hutoa kitabu chake kinachojulikana kwa rangi ya buluu ya jalada. Oregon ina mpango ninaoupenda zaidi kwa sababu unaanza kwa kukiri kwamba watu watavutana: kamati ya watu watano, wawili kutoka upande unaounga mkono, wawili kutoka upande unaopinga, na wa tano akichaguliwa na hao wanne, huandika maelezo ya pamoja. Wapinzani wakikubaliana juu ya sentensi moja, sentensi hiyo inaaminika kuliko nyingi.

Hatua ya tatu: eleza sheria ilivyo leo

Hatua hii hurukwa kuliko zote, nayo ndiyo msingi. Mpiga kura asiyejua sheria ya leo hawezi kupima mabadiliko, na mara nyingi huamini kwamba Hapana maana yake ni katazo, au kwamba Ndiyo inaanzisha jambo ambalo tayari lipo.

Andika aya moja fupi inayojibu maswali haya: je, jambo hili leo linaruhusiwa, limekatazwa, au halijagusiwa na sheria yoyote? Kanuni hiyo imo katika sheria ya mji, ya kaunti, ya jimbo, au ya shirikisho? Nani anaisimamia, na anayeivunja hupata adhabu gani? Kama kuna kesi mahakamani inayosubiri hukumu, itaje. Kama sheria imesimamishwa kwa sababu ya kura ya pingamizi, sema wazi kwamba imepitishwa lakini bado haijaanza kutumika.

Hatua ya nne: andika Ndiyo na Hapana kwa uzito sawa

Sheria ya Oregon inadai kwamba kwenye karatasi ya kura matokeo ya Ndiyo yaelezwe kwa maneno yasiyozidi 25, na matokeo ya Hapana vivyo hivyo. Ni zoezi zuri hata pasipodaiwa na sheria, kwa sababu linamlazimisha mwandishi aiheshimu Hapana kama uamuzi wenye matokeo yake. Wengi huandika aya nzima juu ya Ndiyo kisha wakamaliza na "Hapana: hakuna kitakachobadilika." Sentensi hiyo mara nyingine ni ya kweli, lakini katika kura ya pingamizi ni kosa, kwa kuwa Hapana huifuta sheria iliyokwisha kupitishwa.

Tuchukue mfano halisi. Mwaka 2020 Bunge la California lilipitisha sheria juu ya tumbaku yenye ladha, wapinzani wake wakakusanya saini, na sheria ikangoja hadi kura ya Proposition 31 mwezi Novemba 2022. Maelezo ya Kiswahili yangeweza kuandikwa hivi:

Sheria ya sasa: Mwaka 2020 Bunge la California lilipitisha sheria inayokataza maduka na mashine za kuuzia bidhaa kuuza sehemu kubwa ya bidhaa za tumbaku zenye ladha. Sheria hiyo bado haijaanza kutumika kwa sababu imeombewa kura hii. Baadhi ya miji na kaunti tayari zina katazo lao zenyewe.

Ukipiga Ndiyo: Katazo la jimbo litaanza kutumika California nzima. Duka litakalolivunja linaweza kutozwa faini ya dola 250 kwa kila kosa. Baadhi ya bidhaa, kama vile tumbaku ya shisha chini ya masharti maalumu, hazimo katika katazo hili.

Ukipiga Hapana: Sheria ya mwaka 2020 haitaanza kutumika. Maduka yataruhusiwa kuendelea kuwauzia bidhaa hizo watu waliofikisha umri wa miaka 21, isipokuwa mahali ambapo mji au kaunti imekwisha kukataza.

Angalia kazi inayofanywa na maneno ya mwisho ya aya ya Hapana. Mkazi wa San Francisco, ambako wapiga kura waliidhinisha katazo la mji wao mwezi Juni 2018, asingeona tofauti dukani hata Hapana ingeshinda. Asiyeambiwa hivyo angeweza kuamini kwamba kura ya jimbo ingeliondoa katazo la mji. Angalia pia kwamba hakuna neno juu ya watoto, afya, au biashara ndogo, ingawa ndiyo yaliyobishaniwa usiku na mchana. Ukitaka kuyataja, yatengee sehemu yenye kichwa "Wanaounga mkono wanasema" na nyingine ya "Wanaopinga wanasema," zenye urefu sawa.

Hatua ya tano: eleza yatakayofuata baada ya kushinda

Watu wengi hudhani kwamba pendekezo likipata kura nyingi limekwisha kuwa sheria, nayo itakaa milele. Mambo matatu yanapaswa kuandikwa hapa.

La kwanza ni kiwango cha ushindi. Florida tangu mwaka 2006 hudai asilimia 60 kwa marekebisho ya katiba. Mwaka 2024, Amendment 4 iliyohusu uavyaji mimba ilipata takriban asilimia 57, yaani wengi waliikubali, na bado ikaanguka. Colorado tangu mwaka 2016 hudai asilimia 55 kwa mapendekezo mengi ya katiba. Nevada ina sharti la ajabu zaidi kwa anayelikuta mara ya kwanza: pendekezo la wananchi la kurekebisha katiba lazima lishinde katika chaguzi kuu mbili zinazofuatana. Question 3 ya huko, iliyohusu mpiga kura kuwapanga wagombea kuanzia anayempenda zaidi, ilishinda mwaka 2022 na kushindwa mwaka 2024, ikafa. Aliyewaambia watu mwaka 2022 kwamba "imepita" aliwapotosha.

La pili ni tarehe. California huanza kulitumia pendekezo lililoshinda siku ya tano baada ya Katibu wa Jimbo kuthibitisha matokeo, isipokuwa maandishi yenyewe yaseme vingine. Ndiyo maana katazo la tumbaku yenye ladha lililoshinda tarehe 8 Novemba 2022 lilianza tarehe 21 Desemba. Mapendekezo mengine hutaja tarehe ya mwaka unaofuata, au huanza kwa vipande.

La tatu, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote na ndilo linalosemwa kwa nadra, ni nani ataweza kuibadilisha sheria baadaye. Majibu yanatofautiana mno. Huko California, Bunge haliwezi kurekebisha sheria iliyotungwa na wapiga kura bila kuirudisha kwao, isipokuwa sheria hiyo yenyewe iruhusu. Proposition 22 ya mwaka 2020, iliyohusu madereva na wasafirishaji wanaofanya kazi kwa programu za simu, iliruhusu marekebisho, lakini kwa idhini ya sehemu saba kati ya nane za wabunge wa kila moja ya mabaraza mawili ya Bunge, kiwango ambacho ni karibu na kusema hapana. Arizona, tangu wapiga kura wake walipojiwekea ulinzi mwaka 1998, hudai robo tatu ya wabunge, tena kwa marekebisho yanayoendeleza lengo la sheria tu. Nevada hulizuia Bunge kwa miaka mitatu. Washington hudai thuluthi mbili katika miaka miwili ya kwanza, na baadaye wingi wa kawaida hutosha.

Kwingine hakuna ulinzi. Wapiga kura wa South Dakota walipitisha sheria ya maadili ya viongozi na fedha za kampeni mwezi Novemba 2016, na kufikia mwezi Februari 2017 Bunge lao lilikwisha kuifuta. Oregon ilipitisha Measure 110 mwaka 2020, iliyogeuza kumiliki kiasi kidogo cha dawa za kulevya kutoka jinai kuwa kosa dogo lenye faini isiyozidi dola 100. Ilikuwa sheria ya kawaida, si katiba, na mwaka 2024 Bunge lilirudisha adhabu za jinai bila kuwauliza tena wapiga kura. Mtu anaweza kuupenda au kuuchukia uamuzi ule wa Bunge. Anayeandaa maelezo anadaiwa sentensi moja tu: "Pendekezo hili likipita, Bunge la jimbo litaweza kulirekebisha kwa wingi wa kawaida," au kinyume chake.

Hapa ndipo pia pa kusema kama maneno yanajitosheleza au yanahitaji sheria nyingine ya kuyatekeleza. Amendment 4 ya Florida ya mwaka 2018 (namba ile ile, jambo jingine kabisa) ilirudisha haki ya kupiga kura kwa watu wengi waliowahi kutiwa hatiani kwa makosa makubwa, baada ya kukamilisha "masharti yote ya hukumu." Mwaka 2019 Bunge lilipitisha sheria iliyosema kwamba masharti hayo ni pamoja na faini, ada na fidia zilizoamriwa na mahakama, na mwaka 2020 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliiacha sheria hiyo isimame. Maneno manne yakawa ndiyo mpaka kati ya anayepiga kura na asiyepiga. Ukikutana na maneno ya jumla kama hayo, usiyafasiri kwa matumaini. Andika kwamba maana yake kamili huenda ikaamuliwa na Bunge au mahakama.

Hatua ya sita: pima pendekezo dhidi ya sheria zilizo juu yake

Sheria ya jimbo, hata ikiwa imepitishwa na kila mkazi wake, haiwezi kuishinda Katiba ya Marekani wala sheria halali ya shirikisho. California iliruhusu bangi kwa matumizi ya tiba kupitia Proposition 215 ya mwaka 1996. Mwaka 2005, katika kesi ya Gonzales dhidi ya Raich, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba serikali ya shirikisho bado ina uwezo wa kutekeleza katazo lake ndani ya jimbo hilo. Kwa wasikilizaji wengi wa Kiswahili jambo hili halikomei vitabuni, kwa sababu ofisi za uhamiaji hufuata sheria ya shirikisho. Mtu ambaye bado si raia anaweza kuharibikiwa na ombi lake kwa tendo ambalo jimbo limeliruhusu. Maelezo ya pendekezo la bangi yasiyokuwa na tahadhari hiyo ni hatari kwa wale wale yanaokusudiwa kuwasaidia.

Mahakama za jimbo nazo huweza kulibatilisha pendekezo kwa sababu ya utaratibu. Majimbo mengi hudai pendekezo liwe na jambo moja tu. South Dakota ilipitisha marekebisho ya katiba kuhusu bangi mwaka 2020, na mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikayabatilisha kwa kuvunja kanuni hiyo. Kisa cha Mississippi ni cha kusikitisha zaidi. Katiba yake ilidai saini zigawanywe katika wilaya tano za uchaguzi wa Bunge la Marekani, ilhali baada ya sensa ya mwaka 2000 jimbo lilibakiwa na wilaya nne. Mwaka 2021 mahakama iliamua kwamba hesabu hiyo haiwezekani kutimizwa, ikalibatilisha pendekezo lililoshinda mwaka uliotangulia, na utaratibu mzima wa mapendekezo ya wananchi ukasimama.

Usitabiri hukumu. Inatosha kusema kama kuna kesi iliyofunguliwa, inabishania nini, na kama pendekezo lina kifungu kinachookoa sehemu zilizobaki iwapo moja itabatilishwa.

Hatua ya saba: fedha

Hapa sema kwa ufupi. Je, pendekezo linaanzisha kodi, linapunguza kodi, linakopa kwa hati fungani, au linaiagiza serikali kufanya kazi bila kutaja zitakapotoka fedha? Tumia makadirio rasmi na utaje ofisi iliyoyaandika. Usiache kanuni za muda mrefu zilizofichwa nyuma ya kiasi cha fedha: Proposition 13 ya mwaka 1978 huko California iliweka kikomo cha kodi ya ardhi na majengo kuwa asilimia 1 ya thamani iliyokadiriwa, na ongezeko la makadirio lisizidi asilimia 2 kwa mwaka hadi mali iuzwe, lakini vilevile ilidai thuluthi mbili ya kura kwa kodi maalumu za serikali za mitaa. Sharti hili la pili limezibana serikali za mitaa hadi leo, na aliyetazama bili ya kodi peke yake hakuliona.

Hatua ya nane: chagua maneno ya Kiswahili yasiyobadilisha sheria

Lugha ya sheria hutofautisha lazima na ruhusa. Neno "anaweza" katika Kiswahili hubeba uwezo na ruhusa kwa pamoja, kwa hiyo andika "anaruhusiwa" penye ruhusa na "ni lazima" penye wajibu, na ulitunze "anaweza" kwa uwezekano tu.

"Kuhalalisha" ni neno la kuangaliwa zaidi. Kwa masikio ya wengi, halali na haramu ni maneno ya dini kabla hayajawa ya serikali, na mtu akisikia kwamba jimbo linataka "kuhalalisha" jambo anaweza kuelewa kwamba anaombwa kulibariki. Tena neno hilo linachanganya mambo mawili yaliyo mbali kisheria: kuondoa adhabu ya jinai, kama Oregon ilivyofanya mwaka 2020, na kuruhusu jambo liuzwe kwa leseni na kutozwa kodi. Andika kinachofanyika: "adhabu ya kifungo itaondolewa," "maduka yenye leseni yataruhusiwa kuuza."

Tenganisha pia "kufuta," ambayo ni kazi ya Bunge au wapiga kura, na "kubatilisha," ambayo ni kazi ya mahakama. Na ukanusho wa mara mbili uvunje kabisa. Sentensi kama "Hapana inazuia kuondolewa kwa katazo" ni sahihi na haina faida. "Ukipiga Hapana, katazo linabaki" ni sahihi na inaeleweka. Karibu na kila istilahi muhimu andika pia namba na jina la swali lilivyo kwenye karatasi ya kura, ili msomaji aweze kulinganisha maelezo yako na karatasi iliyo mkononi mwake.

Hatua ya tisa: linda mpaka kati ya kueleza na kushawishi

Shirika la hisani lililosamehewa kodi chini ya kifungu 501(c)(3) cha sheria ya kodi ya Marekani limekatazwa kabisa kumpigia kampeni mgombea. Kwa mapendekezo ya wananchi hali ni tofauti: kuwaomba watu wapige Ndiyo au Hapana huhesabiwa kuwa ushawishi wa kutunga sheria, unaoruhusiwa kwa kiwango chenye mipaka, ilhali uchambuzi wa haki usioegemea upande hauhesabiwi hivyo. Ofisi za serikali zimebanwa zaidi. Huko California, tangu hukumu ya Stanson dhidi ya Mott ya mwaka 1976, fedha za umma zinaweza kutumika kutoa maelezo ya haki lakini si kufanya kampeni bila idhini ya wazi ya sheria. Kwa hiyo soma rasimu yako ukitafuta vivumishi. "Kodi mpya ya asilimia moja" ni maelezo. "Kodi kandamizi" au "mchango mdogo" ni kampeni.

Siku ya kura nayo ina mpaka wake. Kifungu cha 208 cha Sheria ya Haki za Kupiga Kura kinampa asiyeona, mwenye ulemavu, au asiyeweza kusoma au kuandika haki ya kusaidiwa na mtu anayemchagua mwenyewe, isipokuwa mwajiri wake au wakala wa mwajiri huyo, na kiongozi au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Anayesaidia husoma na kutafsiri. Hachagui.

Hatua ya kumi: ijaribu kabla ya kuisambaza

Mpe rasimu mtu ambaye hajawahi kulisikia pendekezo, akiisoma au ukimsomea, kisha uichukue karatasi. Muulize: sheria leo inasema nini, Ndiyo itafanya nini, Hapana itafanya nini, itaanza lini, na nani ataweza kuibadilisha? Asipoweza kujibu swali la Hapana, rudi hatua ya nne. Kisha mpe anayeunga mkono na anayepinga, kila mmoja peke yake, waiweke alama sentensi wanayodhani inaegemea upande wa mwenzake. Sentensi iliyowekwa alama na mmoja tu ipime upya dhidi ya maandishi ya sheria. Iliyowekwa alama na wote wawili huwa haieleweki, iandike upya. Mwisho weka tarehe chini ya ukurasa, kwa kuwa mahakama inaweza kuliondoa pendekezo kwenye kura au kubadili muhtasari wake wiki chache kabla ya uchaguzi, na msomaji atakayeipokea nakala yako kwenye simu anapaswa kujua iliandikwa lini.